Jambia la Sultani: Mwongozo kwa Mnunuzi Asiyependa Kuvunjwa Moyo

Kwanza nunua. Wapo wanaodhani uchunguzi hutangulia malipo, na hao ndio wanaorudi bara mikono mitupu, wakiwa na picha za simu tu. Jambia huchunguzwa nyumbani, pesa zikiwa zimekwisha toka, maana hapo ndipo mchunguzi anapopata ari ya kweli ya kutafuta jibu zuri. Asiye na hasara ya kuficha hana haja na historia.

Tuseme basi umo kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, Unguja, ndani ya duka lenye birika za shaba, saa za ukutani zisizotembea na kinyago cha Kimakonde kilichovuka bahari kutafuta maisha. Majambia ishirini yamepangwa kwenye kabati la kioo. Hayo si yako. Lako limetolewa chini ya meza, limefungwa kitambaa cha kijani, na muuzaji ameangalia mlangoni kabla ya kulifungua. "Sheikh wangu," amekwambia kwa sauti ya kunong'ona, "hili mimi siliuzi. Hili la Seyyid Barghash." Usimuulize kwa nini basi amekutajia bei. Hayo ni maswali ya mtu asiyefunzwa adabu kwao.

Ukishalipa, kazi ya kwanza ni kumchagua Sultani upya, kwa sababu huyu uliyepewa amechoka. Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888, na ukijumlisha majambia yote yaliyouzwa kwa jina lake utashangaa kiuno chake kilikuwa na upana gani. Seyyid Said bin Sultan ana uzito zaidi. Ndiye aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, kisha akafariki baharini mwaka 1856, na mtu aliyefariki safarini anaweza kuwa ameacha chochote popote. Lakini wajuzi humchagua Khalid bin Barghash. Alijitwalia kiti tarehe 25 Agosti 1896, na asubuhi ya tarehe 27 manowari za Kiingereza zikaipiga kasri mizinga, mambo yakaisha katika muda usiotimia saa moja. Ukiwa na Khalid, kila pengo kwenye makali na kila mkwaruzo kwenye ala una maelezo yake: mzinga. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba alikaa madarakani siku mbili, na mgeni mwenye roho mbaya anaweza kukuuliza alipata saa ngapi ya kwenda kwa sonara. Jamshid, wa mwisho, aliondoka Januari 1964 kwa haraka inayoweza kueleza kitu chochote kilichosahauliwa kwenye droo yoyote, ila wauzaji walimwogopa kwa miaka mingi: alikuwa hai Uingereza, na mtu angeweza kumwandikia barua akamuuliza. Alifariki Maskati mwishoni mwa 2024. Tegemea majambia yake sokoni hivi karibuni.

Umbo litazame haraka haraka, maana umbo halijui kudanganya. Ala ya hanjari, yaani jambia la Oman, hukunjika karibu kama kiwiko. Ile ya Yemen mara nyingi hupinda chini na kurudi juu. Umbo hili la Oman si la jana. Mholanzi Robert Padbrugge alilieleza alipofika Maskati mwaka 1672, na kazi ya kutengeneza hanjari iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2022. Hesabu pia pete za fedha zinazoishikiza ala kwenye mkanda. Hanjari ya kawaida huwa na nne. Ile iitwayo Saidia, ya ukoo wa Al Said wenyewe, huwa na saba, na kipini chake huvikwa nakshi za fedha. Ukipata sita, andika kwamba moja ilianguka vitani. Ukilikuta la kwako linafanana mno na lile la kwenye bendera ya Oman, lile lenye panga mbili nyuma yake, kumbuka bendera hiyo ni ya mwaka 1970, na kwamba anayechonga mapambo ya watalii huanza kwa kuangalia bendera.

Sasa chuma. Hapa ndipo mkusanyaji wa kisasa hukesha, na ndipo yalipo mashaka mengi kuliko mahali pengine popote. Inafaa kusema, japo itakuudhi, kwamba mwenye jambia wa Maskati au Sanaa hakuanza na swali hili. Yeye aliuliza kipini, kisha fedha, kisha nani alilivaa. Ubapa ulikuja mwisho, na ukichakaa ulibadilishwa. Jambia halizaliwi mahali pamoja: kipini cha pembe ya mnyama wa Afrika Mashariki, fedha iliyoyeyushwa kutoka sarafu za Austria, ngozi ya mbuzi wa jirani, ubapa uliofuliwa Hadhramaut au ulioletwa na jahazi kutoka Bara Hindi, na nyuzi za mkanda zilizofumwa upya na mjukuu. Kumuuliza mtu "hili linatoka wapi" ni kumtaka achague moja ya hayo na kuyanyamazia mengine. Nawe utachagua lenye bei.

Muuzaji atakuwa amekwambia ni feleji, na akiona unaijua feleji, ataongeza kwamba ni chuma cha Dameski. Shukuru. Dameski ni hadithi pana inayoweza kumeza jambia lolote. Chuma chenyewe hakikuwa kikipikwa Dameski. Kiliyeyushwa katika vyungu vya udongo kusini mwa India na Sri Lanka, kikiwa na kaboni nyingi, karibu asilimia moja na nusu, kisha kikasafirishwa magharibi katika vipande kama mikate midogo. Kikifuliwa kwa moto wa kiasi, chembe ngumu za kaboni na chuma hujipanga mistari, na ubapa ukisuguliwa na kutiwa asidi kidogo huonyesha mawimbi ya maji. Ufundi huo ulififia katika karne ya 19. Mwaka 1998 Verhoeven, mtaalamu wa metali, na Pendray, mhunzi, wote wa Marekani, walieleza kwamba siri ilikuwa kwenye chembe chache mno za metali kama vanadi zilizokuwamo ndani ya madini ya baadhi ya machimbo. Wahunzi wa zamani hawakuziweka, na machimbo yalipobadilika mawimbi yakapotea. Yaani hata wenyewe waliofua hawakujua kwa nini kinafuliwa vizuri. Hilo likupe moyo.

Na kuna zawadi zaidi. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba chuma cha Sofala kilipelekwa India, na kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma yaliyowaletea faida kubwa. Ona unachoweza kufanya na sentensi hiyo: chuma kilitoka pwani yetu, kikavuka, kikapikwa Uhindini, kikapitia Maskati, kikarudi nyumbani kiunoni mwa Sultani. Hakuna mtu atakayeweza kukukanusha. Hakuna pia atakayeweza kukuthibitishia, lakini wewe hukuja kwa ajili hiyo.

Tatizo ni mawimbi yenyewe. Yapo ya vyungu, ambayo ni adimu na yamejaa makumbushoni. Yapo ya matabaka, ambapo mhunzi hulaza vyuma viwili tofauti, akavipiga, akavikunja, akavipiga tena; ni kazi halali na nzuri, na siku hizi hufanywa kwa wingi Wazirabad, Pakistan, kwa ajili ya mtu yeyote mwenye intaneti na kadi ya benki. Halafu yapo yaliyochorwa tu juu ya chuma cha kawaida. Ukitaka kuyatofautisha, sugua sehemu ndogo karibu na kipini kwa msasa laini mpaka mchoro uishe, kisha nenda kwa fundi redio ukaombe feri kloraidi, ile anayochongea mbao za saketi, upake kidogo. Mawimbi yaliyomo ndani ya chuma yatarudi. Yaliyochorwa hayarudi, na hutarudishiwa pesa pia. Kwa hiyo usisugue. Mtu mwenye busara huona mawimbi na kushukuru.

Kutu nayo ni shahidi, lakini shahidi anayeweza kununuliwa kwa ndimu mbili na chumvi. Kutu ya umri ni nyeusi kahawia, imeshikana, imekula mashimo madogo na imekaa ndani yake. Kutu ya juzi ni ya rangi ya machungwa na huondoka na kidole chako. Ukiona kidole kimekuwa cha machungwa, kipanguse kwenye kanzu ya muuzaji. Ukiona hakuna kutu kabisa, usifurahi. Hewa ya Unguja hula hata misumari ya milango, na jambia linalong'aa humo bila kupakwa mafuta lina kromiamu ya kutosha kukataa kutu, angalau asilimia kumi na nusu hivi. Chuma cha namna hiyo kiliingia kwenye visu baada ya kazi ya Harry Brearley kule Sheffield mwaka 1913. Seyyid Said alikuwa amefariki miaka 57 kabla. Ukibanwa hapa, hama kwa haraka uende kwa Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960. Wakusanyaji humdharau kwa kuwa hana vita wala meli. Ni Sultani wa akiba, na kila mnunuzi anapaswa kumweka karibu.

Watu hupenda sana sumaku. Sumaku haitakwambia lolote kuhusu ubapa, maana vyuma vingi vya visu, hata vile visivyoshika kutu, huivuta vilevile. Ipeleke kwenye ala. Ikinasa, umenunua bati lililopakwa rangi. Isiponasa, tulia, kwa sababu kuna kitu kiitwacho fedha ya Kijerumani, ambacho ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Ni cha Kijerumani kwa kiasi fulani, fedha hakina hata chembe. Ala za zamani zilitengenezwa mara nyingi kwa kuyeyusha riale za Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye fedha sehemu 833 kwa elfu, iliyozagaa kuanzia Ethiopia hadi Oman na hapa kwetu. Muuzaji anaweza kukuonyesha riale moja iliyobaki, iliyoandikwa mwaka 1780, akasema hii ndiyo dada ya zile zilizoyeyushwa. Atakuwa hajasema uongo hata kidogo. Maria Theresa alifariki 1780, na riale zake zote zilizopigwa baadaye, mpaka karne ya 20, katika miji kadhaa ya Ulaya na hata Bombay, ziliendelea kuandikwa 1780. Ni tarehe inayostahili kuigwa na wauza majambia. Ukikuta mhuri wa "925" kwenye ala, hicho ni kipimo cha maduka ya vito ya leo. Geuza upande huo ukutani.

Kuhusu mihuri, kuwa mwangalifu zaidi na ile inayosomeka. Maneno "Made in" yalienea baada ya sheria ya alama za biashara ya Uingereza ya mwaka 1887 na ile ya ushuru ya Marekani ya 1890, kwa hiyo kisu kilichoandikwa hivyo kimejitaja umri bila kuulizwa. Mamba mdogo aliyegongwa kwenye chuma si nembo ya kifalme, ni panga la Birmingham, la kampuni ya Ralph Martindale, na mababu wengi walifyekea mashamba kwa hilo. Na ukikuta karibu na kipini herufi U, F na I zimefifia, na muuzaji akakwambia hiyo ni hati ya Kikufi, mkubalie kwa heshima. Hizo ni herufi za kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, na panga lake lilikuwa panga zuri.

Utakapofika mahali pa kutaka kujua kweli (hutokea kwa baadhi ya watu, hasa usiku), mpelekee fundi wa Gerezani, Dar es Salaam. Atakuuliza kama una uhakika. Kisha atakipasha moto kipini, akivute, na hapo mengi yatajulikana kabla hata ya grenda kuwashwa. Kama ubapa uliganda kwa utomvu mweusi unaonuka moshi, endelea kuota. Kama umeganda kwa gundi ya njano ya mirija miwili, ile ya kuchanganya, basi Sultani wako alikuwa mtu wa kisasa. Halafu fundi ataugusisha mkia wa ubapa kwenye jiwe la grenda, aangalie cheche. Chuma laini cha zamani hutoa cheche ndefu zilizonyooka. Chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka matawi matawi. Kisichoshika kutu hutoa chache, fupi, zenye uvivu. Za kwako zitapasuka vizuri tu, na moyo wako utaruka, mpaka fundi aligeuze jambia na kukuonyesha nusu duara kwenye mkia, mahali palipokuwa tundu la boliti.

"Hii springi, bosi. Ya Land Rover hii."

Usilie mbele yake. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948, na Khalifa bin Harub alikuwa bado yupo kitini na miaka kumi na miwili mbele yake. Nilikwambia umweke karibu.

Na hapa kejeli ipumzike kidogo. Springi ya gari ni chuma safi. Ina kaboni kama asilimia 0.6, ina kromiamu kidogo au manganizi na silikoni, imetengenezwa ipinde maelfu ya mara bila kuvunjika, na wahunzi wetu wamekuwa wakiifua visu, mapanga na sime tangu magari yaanze kufa barabarani. Mhunzi aliyekata springi, akaifua kwa nyundo mpaka ikapata mgongo katikati pande zote mbili, akaipinda bila kuipasua, akaipa ugumu mahali pa makali na ulaini mahali pa mkia, huyo amefanya kazi ambayo wengi wenye vyeti hawaiwezi. Kule Kagera, wahunzi wazee wa Kihaya waliwasha tena tanuru mbele ya Peter Schmidt na Donald Avery, nao wakaandika katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba wenyeji wa huko walikuwa wakipata chuma chenye kaboni ya kutosha tangu kale, kwa kupasha hewa moto kabla ya kuingia tanuruni. Hakuna anayeuza jambia kwa kusema "la mhunzi wa hapa". Bei yake ingeshuka mara tatu.

Ukitaka cheti, tafuta wanunuzi wa dhahabu au vyuma chakavu wenye ile bunduki ya eksirei. Wataielekeza kwenye ubapa, na baada ya sekunde chache itataja chuma, manganizi, kromiamu, nikeli, kila kitu kwa desimali. Haitataja kaboni, kwa sababu kaboni ni nyepesi mno kwa mashine hiyo kuiona, na kaboni ndiyo inayotofautisha feleji na msumari. Chapa karatasi hiyo, iweke laminesheni, itundike karibu na jambia. Mgeni atasoma desimali na kunyamaza.

Nimekiacha kipini mpaka sasa kwa sababu ndicho kinachoweza kukufunga. Muuzaji ataapa ni pembe ya kifaru. Katika miaka ya 1970 Wayemeni wengi walifanya kazi Saudia, wakapata fedha za mafuta, na kila kijana akataka kipini ambacho zamani kilivaliwa na wakubwa. Pembe zilitoka huku. Kenya ilikuwa na vifaru wapatao 20,000 mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES mwaka 1977, Yemen ikakataza kuingiza pembe mwaka 1982, na magendo yakaendelea. Esmond Bradley Martin, aliyekuwa mkazi wa Nairobi na mwandishi wa kitabu kuhusu Zanzibar, alitumia miaka mingi akipita kwenye maduka ya Sanaa kuuliza bei za vipini na kuziandika. Aliuawa nyumbani kwake mwaka 2018.

Kwa hiyo chukua kioo cha sonara, tazama mwisho wa kipini. Pembe ya kifaru haina uwazi ndani. Imeshonana kwa nyuzi, na ukiikata utaona vidoa vingi vilivyobanana. Pembe ya ng'ombe au nyati huonyesha matabaka. Plastiki haionyeshi chochote isipokuwa, pengine, mstari mwembamba wa kiunzi ilipomiminwa. Sindano ya moto itamaliza ubishi: pembe hunuka nywele zilizoungua, plastiki hunuka plastiki. Ukipata harufu ya nywele na vidoa, hongera, umethibitisha. Ukilifikisha Dar es Salaam, kitu hicho kinaitwa nyara za Serikali, na wanaoshughulikia nyara hawana haja na kioo cha sonara. Huu ndio mwongozo pekee wa wakusanyaji unaokushauri uombe dua kipini chako kiwe plastiki.

Zimebaki karatasi. Kitu cha kale hakitoki nchini bila kibali, na kadiri ulivyofaulu kukizeesha ndivyo kibali kinavyokuwa kigumu. Jambia la Seyyid Said utaliacha hapa. La Khalifa bin Harub utaitiwa mtu wa kulitazama. Kwenye uwanja wa ndege, baada ya wiki nzima ya kuwaeleza shemeji zako kuhusu mizinga ya 1896, utafungua begi mbele ya ofisa, na yeye atalishika jambia, atalichomoa kidogo, atauliza kama ni la zamani.

"Hapana, mkuu. Jipya kabisa. La springi."

"Risiti?"

Utampa. Muuzaji aliandika kwa mkono wake, kwa kalamu ya bluu: *Pambo la ukutani, 1.*